"Hue and cry": kelele zilizoamriwa na sheria

Anayejifunza Kiingereza akikutana na maneno "hue and cry", mara nyingi hufungua kamusi na kukuta kuwa "hue" ni rangi. Hapo anakwama, maana rangi na kilio wapi na wapi? Ni maneno mawili yaliyogongana kwa tahajia tu, kama ukunga wa kuzalisha na ukunga wa kupiga kelele za kuomba msaada. "Hue" ya rangi ni ya Kiingereza cha kale. Hii nyingine ilitoka kwa watawala waliozungumza Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mzizi wake ni kitenzi "huer", kupiga ukelele. Hadi leo kwa Mfaransa "huer" ni kuzomea.

Siku hizi maneno hayo yana maana ya zogo la watu wengi wanaolalamikia jambo, kwa mfano kodi mpya. Zamani yalikuwa mazito kuliko hivyo. Aliyeibiwa, au aliyekuta mtu ameuawa, aliwajibika kupiga ukunga palepale. Kila aliyeusikia aliacha kazi yake akamfukuza mhalifu, na ukelele ukapokewa kijiji kwa kijiji. Polisi hawakuwapo. Waliokuwapo ni majirani.

Mwaka 1285, Mfalme Edward I aliukaza utaratibu huo kwa Sheria ya Winchester. Malango ya miji yenye kuta yafungwe tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Mgeni akikaidi walinzi wa usiku, apigiwe ukunga. Kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 awe na silaha nyumbani kulingana na mali yake. Na wizi ukitokea, wakazi wa eneo hilo wasipomtoa mwizi, wao ndio wamlipe aliyeibiwa.

Kwa hiyo kunyamaza lilikuwa kosa. Kupiga ukunga bila sababu nako kulitozwa faini, na kumbukumbu za mabaraza ya vijijini zimejaa kesi za namna hiyo. Nyingi zinawataja wanawake. Jambo hilo hunigusa sana: mwanamke ambaye sheria ilimpa nafasi finyu barazani aliweza, kwa koo lake tu, kukitoa kijiji kizima nje.

Msukuma ataelewa haya bila kuchorewa picha, kwa kuwa anaujua mwano, ukunga wa kwao: ukipigwa usiku, watu hutoka.

Mfasiri basi atazame kwanza habari ni ya wakati gani. Kwenye habari za leo, "zogo la umma" au "malalamiko ya umma" yanatosha. Kwenye historia, mimi ningeandika "ukunga", kwa sababu "makelele" hayamlazimishi mtu kuinuka kitandani.