Je, kukaa karibu na TV huharibu macho?

Waliokulia kwenye sebule zenye TV ya chogo, juu yake kitambaa cha kufuma na nje antena ya kuzungushwa hadi chenga ziishe, wanaikumbuka sauti ya mama: “Rudi nyuma, utaharibu macho!” Wengi bado wanaamini hivyo.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mwaka 1967 nchini Marekani, baadhi ya televisheni za rangi zilibainika kutoa mionzi ya eksirei kupita kiasi. Zilirekebishwa, na sheria ya kudhibiti mionzi ikapitishwa mwaka 1968. TV bapa za leo hazina kabisa mrija ule uliozalisha mionzi hiyo.

Kukodolea kioo muda mrefu huchosha na kukausha macho, maana tunapepesa mara chache. Ukiyapumzisha hurudi sawa. Ila mtoto anayeisogelea TV kila mara huenda tayari haoni vizuri mbali, na hapa ndipo ningeomba wazazi wawe makini sana. Mzibe jicho moja, kisha jingine, asome namba ya gari lililoegeshwa hatua ishirini hivi. Akishindwa kusoma unachokiona wewe bila shida, mpeleke akapimwe macho.