"Bonfire" si moto mwema: asili halisi ya neno hili

Watu wengi wanaojua Kiingereza huamini kwamba neno "bonfire", yaani moto mkubwa unaokokwa nje wakati wa sherehe, limetokana na neno la Kifaransa "bon", lenye maana ya "-ema", na kwamba hapo mwanzo lilimaanisha moto mwema. Dhana hii imeota mizizi kwa sababu Samuel Johnson mwenyewe, mtunzi wa kamusi Mwingereza, aliiingiza katika kamusi yake maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755. Johnson alikosea.

Ukweli ni kwamba sehemu ya kwanza ya neno hilo ni "bone", yaani mfupa. Katika Catholicon Anglicum, kamusi ya Kiingereza na Kilatini ya mwaka 1483, neno "banefyre" limefasiriwa "ignis ossium", moto wa mifupa, na kwa maoni yangu ushahidi huo peke yake unatosha kumaliza ubishi. Hata kabla ya hapo, John Mirk, mtawa wa Lilleshall nchini Uingereza, alikuwa ameandika katika mahubiri yake kwamba mkesha wa Mtakatifu Yohana Mbatizaji ulikuwa na moto wa aina tatu: wa mifupa mitupu, wa kuni tupu, na wa vyote viwili, na kwamba mifupa ilichomwa ili uvundo wake uwafukuze majoka. Kiayalandi nacho huuita moto huo moto wa mifupa.

Kinachowapotosha wasomaji ni irabu iliyofupishwa. Kiingereza hufanya hivyo mara nyingi maneno yanapoungana, kama "sheep" (kondoo) inavyosikika kwa ufupi ndani ya "shepherd" (mchungaji), na tahajia ikafuata matamshi.

Wako pia wanaodhani kwamba neno hili lilizaliwa na sherehe za Guy Fawkes, mmoja wa waliokula Njama ya Baruti, yaani njama ya kumuua Mfalme James wa Kwanza kwa kulipua Bunge la Uingereza, ilhali kamusi ile ya 1483 ilitangulia njama hiyo ya tarehe 5 Novemba 1605 kwa zaidi ya miaka 120. Isitoshe, Fawkes hakuchomwa moto. Alihukumiwa kunyongwa na kukatwa vipande, akafa kwenye jukwaa la kunyongea tarehe 31 Januari 1606, na kinachochomwa kila mwaka ni sanamu yake. Wakazi wa London waliokoka moto usiku ule njama ilipogunduliwa, wakishukuru kwamba mfalme amesalimika, walikuwa wakifuata desturi waliyoirithi.