Kihispania cha Yucatán na ule mkato wa koo

Mtu wa mji mkuu wa Meksiko akisikia Kihispania cha Mérida, katika rasi ya Yucatán, hakawii kusema kwamba watu wa huko huongea "aporreado", yaani kama maneno yao yamepigwapigwa rungu. Kazi yangu ni fonetiki, na ningependa kueleza kinachopigwa hapo ni nini hasa, kwa sababu maelezo yanayozagaa yanawaonea wasemaji: eti ni Kihispania cha watu ambao hawakujifunza sawasawa. Mérida wapo wengi ambao Kimaya, lugha ya asili ya rasi hiyo, hawakisemi, Kihispania ndiyo lugha waliyozaliwa nayo, na wanaongea vivyo hivyo.

Tuanzie pale neno moja linapokutana na lingine. Chukua "las olas", mawimbi. Msemaji wa Madrid huyaunganisha na kusema la-so-las. Ile s inahama na kuanza silabi ya neno linalofuata. Wa Yucatán husema "las", koo linajifunga kwa kitambo kidogo sana, ndipo inakuja "olas". Kujifunga huko unakujua: ndiko kunakosikika katikati ya "a-a!" mtu anapokataa jambo. Katika Kimaya cha Yucatán, neno linaloonekana kwenye maandishi kuanza na irabu huanza kwa mkato huo wa koo. Koo hilohilo linafanya kazi kwenye konsonanti kama k', t' na p', ambazo ni tofauti kabisa na k, t na p. Na virai vingi hufungwa nalo: "le peek'o'", yule mbwa. Jamii iliyoishi na lugha hiyo kizazi baada ya kizazi imezoea kwamba mpaka wa neno ni kitu cha kusikika, haupitwi kimyakimya.

Mambo mengine yanasukuma upande huohuo. Katika "dedo", kidole, Wahispania wengi huilegeza d ya pili hadi ulimi unagusa kidogo tu. Yucatán ulimi huziba kabisa. P, t na k hutoka na pumzi ya ziada. Mwishoni, kabla ya kituo, n hugeuka m: "pan" ikawa "pam", na jina la jimbo lenyewe likawa "Yucatám", midomo imefumbwa.

Sasa jaribu kupima mdundo wa usemi kama huo. Kwa kawaida tunapima urefu wa irabu na wa konsonanti, kisha tunatazama kila sauti inavyotofautiana na jirani yake. Je, mkato wa koo uwekwe wapi? Ukiuhesabu kuwa konsonanti, sehemu ya irabu inapungua. Ukiuhesabu kuwa kituo na kuutoa kwenye hesabu, inaongezeka. Tena kwenye skrini ya Praat, programu ya kuchambua sauti, mara nyingi huoni kimya kamili, unaona mitetemo ya koo inayoachana na kukwaruza, nusu yake iko ndani ya irabu. Jedwali la mdundo wa Yucatán lisilosema mkato uliwekwa upande gani, mimi siliamini.

Suala la msisitizo ndilo linalonivutia kuliko yote. Kimaya cha Yucatán ni lugha ya toni: "miis" kwa toni ya chini ni paka, "míis" kwa toni ya juu ni ufagio. Sauti ikiwa tayari imepewa kazi ya kutenganisha paka na ufagio, haina uhuru mkubwa wa kupandishwa ili kusisitiza neno. Watafiti waliopima wamekuta kwamba neno linalosisitizwa halipandi kama ambavyo mtu angetegemea. Kimaya hulihamisha. "Tin jaantaj waaj" ni nilikula mkate wa mahindi. "Waaj tin jaantaj" ni mkate wa mahindi ndio niliokula. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa "ndio" yetu inafanya kazi hiyo kila siku bila mtu kupaza sauti.

Kihispania nacho, katika lahaja nyingi, sentensi ikiwa ya kawaida, kilele cha kiimbo huchelewa: silabi yenye mkazo inapita, sauti inaendelea kupanda na kufika juu kwenye silabi inayofuata. Kilele kikikaa ndani ya silabi yenye mkazo yenyewe, msikilizaji hudhani neno hilo linasisitizwa. Yucatán, kama walivyoonyesha wanaisimu Jim Michnowicz na Hilary Barnes mwaka 2013, kilele huwahi hata katika sentensi isiyo na msisitizo wowote. Hebu fikiria mgeni anavyoyapokea hayo: kila neno limetengwa na jirani yake, na kila mkazo unamfikia kama mtu anayeshikilia hoja. Ni rahisi akadhani anakaripiwa, kumbe anaelekezwa njia ya sokoni tu.

Hata hivyo, tusikibebeshe Kimaya kila kitu. Kilele kinachowahi kimepatikana pia Buenos Aires, Argentina, ambako wahamiaji wa Italia walikuwa wengi, na Cuzco, Peru, ambako jirani ni Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko. Huenda ni alama ya lugha mbili kuishi pamoja, ziwe zipi. Mkato wa koo ndio ninaoweza kuutetea bila wasiwasi kuwa wa Kimaya. Historia nayo inaunga mkono: Mérida ilianzishwa 1542 juu ya mji wa Wamaya wa T'hó, wenyeji wakabaki wengi kuliko wageni kwa karne nyingi, na rasi haikuunganishwa kwa reli na Meksiko ya kati hadi 1950.

Siku hizi vijana wa Mérida wanazilegeza b, d na g kama wenzao wa mji mkuu. Lakini ile m ya mwisho Michnowicz aliikuta ikiongezeka, na waliotangulia ni wanawake na vijana. Wanajua fika inavyowatambulisha, na wanaitamka.