Mbege ina saa zake: Jumapili yetu Marangu

Napika mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, ya kuuza hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na nne, na siku yangu ya mapumziko nakwenda kunywa za wenzangu. Mume wangu, Baba Manka, anasema huo ni ugonjwa. Yeye ndiye huwa wa kwanza kuvaa viatu.

Gari tunaliacha nyumbani, sababu mnaijua. Saa mbili na nusu tuko ndani ya daladala, tukifika Himo inakunja kushoto na kuanza kupanda kwenda Marangu. Watu huniuliza mbege nzuri iko wapi, Kilema au Mamba, Uru au Kibosho. Mimi nawauliza wanataka kufika saa ngapi. Mvinyo wa Dodoma utaufungia chupani na mwakani utaukuta. Mbege iliyochanganywa jana jioni ina leo tu. Ndiyo maana nyumba zetu tatu za mbege tumezipanga kwa saa, wala si kwa sifa.

Asubuhi tunaanzia kwa bibi mmoja juu ya Marangu Mtoni. Hauzi muda huo, anapika, na mimi nafuata jiko. Ndizi zake zimevundikwa mpaka maganda yameingia weusi, kisha zinachemka saa nyingi hadi zigeuke rangi ya matofali. Zikitoka hapo zinakaa kwenye pipa karibu wiki nzima, na ndiyo tunaita nyangi. Alinifunulia pipa la wiki iliyopita: povu limetanda juu, limepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Ukiinamisha uso, pua inachoma. Ile ni hewa ya ukaa, hamira iko kazini.

Nyangi inachujwa kwa maji, halafu ndipo unapoingia uji wa ulezi. Hapo ndipo wapishi tunapoachana. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Ile kuotesha si mapambo: mbegu ikichipua inatengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula kipya cha hamira. Magome ya mti wa msesewe yanaleta uchungu, bila hayo unakunywa togwa tu. Bibi anachovya kidole kwenye uji, anatikisa kichwa, anarudi kukaa. Bado wa moto. Mimi mwaka wangu wa pili sikusubiri; nilimimina uji unafuka, nikaiua hamira yote, na asubuhi pipa lilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Ilikuwa mbege ya mahari ya watu. Sitaki kusimulia zaidi.

Tunashuka kwa miguu katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, migomba juu, kahawa chini yake, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yakipita pembeni. Maporomoko ya Kinukamori tunayaacha kwa wageni.

Saa saba tunafika nyumba ya pili, na hii ndiyo saa yenyewe. Mama mwenye pombe anaonja kwanza mbele yetu, kisha anatupa kata. Ikoroge, ulezi unatuama upesi. Utamu wa ndizi utangulie, uchungu wa msesewe uje nyuma ya ulimi, uchachu uwe wa mwisho kabisa. Ukikutana na uchachu mwanzoni, umechelewa. Ile ya mama ilikuwa na utamu mrefu kidogo kuliko ninavyopenda, nadhani aliongeza ndizi kwa sababu ulezi umepanda bei. Tukala kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, tukakaa mpaka kivuli cha mgomba kikatuhama.

Nyumba ya tatu ni saa kumi, na hapo ndipo mimi na mume wangu hatuelewani. Bakteria wa uchachu wameshaizidi hamira, mbege inakwaruza koo.

"Hii ndiyo ya wanaume, Mama Manka."

"Hii ni ya jana, Baba Manka."

Akamaliza kata yake na nusu ya yangu.

Tukirudi stendi tukapitia tena kwa bibi. Mapipa ameshayafunika. Nikamuuliza ile aliyochanganya leo itafunguliwa saa ngapi.

"Kesho saa nne, mwanangu. Mje na njaa."

Kesho ni Jumatatu. Baba Manka ameshaanza kukohoa.