Faji si antibiotiki mpya, na kikohozi si jina la ugonjwa

"Daktari, vile virusi vinavyokula bakteria vinauzwa wapi? Kuku wangu wanakohoa." Swali hili nalipata kwa simu, kwa WhatsApp, na hata msibani nimeshavutwa pembeni nikaulizwa. Nikiuliza kuku wanaumwa nini, najibiwa: "Si nimekwambia wanakohoa?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo najibu wote kwa pamoja.

Dhana yenyewe ni hii: faji, yaani hivyo virusi vinavyokula bakteria, ni antibiotiki ya kisasa, kali kuliko zile tulizozoea. Unatia kwenye ndoo ya maji, banda zima linapona, ugonjwa uwe wowote.

Si kweli hata kidogo, na anayeiamini atapoteza kuku na pesa kwa mpigo. Antibiotiki kama oksitetrasaiklini inagusa makundi mengi ya bakteria, ndiyo maana mfugaji anayebahatisha kuna siku anapatia. Tabia hiyo ya kubahatisha imetuletea usugu wa dawa tunaoulalamikia, na sasa watu wanataka kuihamishia kwenye faji. Haihamishiki. Faji inamshika bakteria kwa kujinasa kwenye sehemu maalumu za ngozi yake ya nje, inamwingizia vinasaba vyake, inazaliana ndani yake, kisha inampasua na kutoka kwenda kutafuta wengine. Ikikosa pa kujinasa, hakuna kinachotokea. Faji ya bakteria wa Salmonella haimgusi bakteria wa E. koli. Hata kati ya E. koli wenyewe, faji inayoua aina iliyo kwenye banda lako inaweza isifanye lolote kwenye banda la jirani. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapa kuku wa nyama faji dhidi ya aina tatu za Salmonella. Enteritidis na Typhimurium walipungua sana matumboni ndani ya siku moja, lakini Hadar hawakupungua kwa kiwango cha maana. Wote watatu ni Salmonella! Sasa wewe uliyeniletea neno "kikohozi" unategemea nikupe faji ipi?

Kuku anakohoa kwa kideri. Anakohoa kwa mafua ya kuku, kwa bakteria wa mikoplazma, kwa virusi vya bronkaiti, na anakohoa kwa amonia inayofuka kwenye maranda yaliyolowa ambayo hukuyabadilisha. Kati ya hivyo, kideri na bronkaiti ni virusi, na faji haina la kufanya na virusi wenzake. Amonia dawa yake ni koleo na madirisha. E. koli mara nyingi huja mwisho kabisa, njia ya hewa ikiwa imeshachubuliwa na mmoja wa hao, kisha anaingia kwenye vifuko vya hewa na kumalizia kazi. Ukimuua E. koli ukamwacha aliyemfungulia mlango, wiki ijayo tutaongea tena.

Kinyesi nacho kinadanganya. Kuhara kijani kunaonekana kwenye kideri na kunaonekana kwenye homa ya matumbo ya kuku. Huyo wa pili ni bakteria, Salmonella Gallinarum, na hapo faji ina hoja. Kwa macho ya mlangoni huwezi kuwatofautisha. Ukimpasua aliyekufa unaanza kupata fununu: kwenye homa ya matumbo ini mara nyingi limevimba na lina rangi ya shaba, kwenye kideri kikali unaweza kukuta madoa ya damu kwenye tumbo la tindikali, lile lililo kabla ya firigisi. Hata hayo ni fununu tu, jibu linatoka maabara.

Hapa ndipo naanza wimbo wangu ambao wateja wangu wanaujua kwa kichwa: lete mzoga. Lete wawili waliokufa asubuhi hiyohiyo, na wawili wagonjwa walio hai ambao hawajapewa dawa yoyote. Mizoga iwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, juu ya barafu, isigandishwe kwenye friza, na ifike siku hiyohiyo. Kwa aliye Dar es Salaam, maabara ya veterinari ya Temeke si mbali kama watu wanavyodai. Ukishawatia dawa kwanza, bakteria hawataota vizuri kwenye sahani ya maabara na utakuwa umelipia nauli ya bure. Na kwa faji hatua hii ndiyo tiba yenyewe inapoanzia: bakteria wa kuku wako wanaoteshwa, wanadondoshewa faji tofautitofauti, na ile inayoacha doa angavu kwenye sahani ndiyo inayowaweza. Hakuna doa, hakuna tiba.

Tukubali sasa umepata faji sahihi. Bado kuna suala la inapitia wapi. Watafiti wa Arkansas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walihangaika sana na E. koli wa vifuko vya hewa kwa kuku wa nyama. Faji iliyotiwa kwenye maji ya kunywa haikuwasaidia. Iliyopulizwa kama ukungu ilisaidia ikitolewa mapema, nguvu yake ikapungua kadiri walivyochelewa. Iliyochomwa kwenye msuli ndiyo iliyookoa kuku hata maambukizi yakiwa yameshaanza, kwa sababu ilifika kwenye damu kwa wingi. Kwa hiyo ile ndoo ya maji unayoitegemea ni njia dhaifu kwa ugonjwa wa kifua. Kwa bakteria wa utumbo ina nafasi yake, na hata huko faji lazima ivuke tindikali ya tumbo, inayoweza kuua nyingi njiani. Ndiyo maana baadhi hufunikwa kwa utando au hupewa pamoja na kitu cha kupunguza tindikali. Nani anampiga sindano kuku mmoja mmoja kwenye banda la elfu tano? Hesabu hiyo fanya kabla ya kunipigia.

Dhana zilizobaki nazipitia haraka.

"Ni virusi, wataua kuku wangu, na wanaokula mayai wataugua." Faji haina pa kujinasa kwenye chembe ya kuku wala ya binadamu. Wewe mwenyewe unazo tumboni sasa hivi, na kinyesi cha kuku kimejaa tele. Wala si kitu cha jana: mwanasayansi Félix d'Hérelle alizitumia dhidi ya homa ya matumbo ya kuku huko Ufaransa mwaka 1919, kabla penisilini haijajulikana. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mchanganyiko wa faji kunyunyiziwa kwenye nyama na kuku walio tayari kuliwa, ili kumuua bakteria wa Listeria.

"Kama zimejaa kwenye kinyesi, nitazichuja mwenyewe nyumbani." Nilijua mtu atauliza, na ameuliza. Usithubutu. Si kila faji inaua. Zipo zinazoingia ndani ya bakteria, zikajibanza kwenye vinasaba vyake bila kumpasua, na siku zikitoka zinaweza kuhamisha vinasaba vya sumu au vya usugu kwenda kwa bakteria mwingine. Kwa tiba tunataka zile zinazopasua tu, na kuzitofautisha ni kazi ya kusoma vinasaba, si kitambaa cha kuchujia tui. Tena bakteria kama E. koli na Salmonella wakipasuliwa wanaacha sumu ya ukuta wao kwenye mchuzi waliooteshewa, na isiposafishwa hiyo ndiyo utakayomdunga kuku. Kazi hii ina wenyewe: ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wamekuwa wakishirikiana na Université Laval ya Kanada kutafuta faji za Salmonella wa kuku.

"Bakteria hawawezi kuzoea faji." Wanaweza, tena upesi. Wanabadilisha ile sehemu inayonaswa, basi. Waholanzi walilipata hili kwa Campylobacter, bakteria wa utumbo wa kuku, mwaka 2005: idadi ilishuka mara elfu hivi mwanzoni, kisha ikapanda na kutulia kwenye upungufu wa mara kumi tu. Ndiyo sababu faji hutolewa kwa mchanganyiko wa kadhaa zinazojinasa sehemu tofauti. Habari njema kidogo ni kwamba bakteria aliyebadilika ili akwepe faji mara nyingine anakuwa goigoi, hawezi tena kuwaumiza kuku kama zamani. Na hakuna aliyesema faji na antibiotiki ni maadui: hao hao wa Arkansas walizitumia pamoja na enrofloksasini, na vifo vikapungua kuliko kwa kimoja pekee.

"Nitachanganya na maji ya bomba, au na ile dawa ya kusafishia vinyweshea." Klorini na viua vijidudu vinaua faji. Jua kali nalo vilevile. Suuza vyombo, tumia maji yasiyo na klorini, gawa asubuhi au jioni.

"Nikiwa na faji sihitaji chanjo." Huyu huwa namwomba arudie sentensi yake taratibu. Kideri hakina faji wala antibiotiki. Tone la I-2, chanjo ya kideri, jichoni kila miezi mitatu ndiyo kinga yako, na ukiikosa, faji ya dunia nzima haitakusaidia. Kwa homa ya matumbo na kuhara kweupe kwa vifaranga kuna jambo jingine watu hawapendi kulisikia: mtetea aliyepona anaweza kubaki na bakteria kwenye kokwa za mayai na kuwapitisha kwa vifaranga vyake. Faji inaweza kupunguza wanaotoka kwenye kinyesi, lakini usitegemee imwondolee waliojificha humo. Huyo anapimwa damu, na akibainika anaondolewa kundini. Mayai yake hayaendi kwenye mashine ya kutotolea, na yeye mwenyewe hauzwi kwa jirani anayetotolesha.