Utunzi wa Dansi Hausubiri Kustaafu: Dhana Potofu Kuhusu Vijana Wanaoanza Kutunga

Mcheza dansi kijana hutumia sehemu kubwa ya siku yake akifanya miondoko iliyotungwa na mtu mwingine. Huelekezwa aanze lini, ahesabu vipi, asimame wapi na ageukie upande gani, na akifanya vyema husifiwa kwa usahihi wake. Siku akiomba apewe wenzake wanne na chumba cha mazoezi ili naye ajaribu kutunga, majibu anayopata mara nyingi hutokana na mazoea zaidi kuliko ushahidi. Yamerudiwa kwa muda mrefu hata yakachukuliwa kuwa kanuni za fani.

“Kutunga ni kazi ya waliokwisha kucheza”

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote: kwamba mtu kwanza acheze hadi magoti yachoke, ndipo ageuke mtunzi. Baleti, fani inayojulikana kwa kuheshimu umri na cheo, inaikanusha kwa historia yake yenyewe. George Balanchine, aliyezaliwa mwaka 1904, alitunga dansi zake za kwanza akiwa bado mwanafunzi mjini Petrograd (sasa St. Petersburg, Urusi). Mwaka 1923 yeye na wenzake walikuwa tayari wanaonyesha kazi zao chini ya jina la Young Ballet, na baleti yake Apollo, ambayo inachezwa hadi leo, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1928, alipokuwa na umri wa miaka 24. Frederick Ashton, aliyezaliwa mwaka huohuo, alichelewa hata kuanza kujifunza dansi. Hata hivyo mwalimu wake, Marie Rambert, alimsukuma atunge, na kazi yake ya kwanza ikafika jukwaani London mwaka 1926, kabla hajatimiza miaka 22. Karibu na wakati wetu, Crystal Pite wa Kanada alianza kutunga mwaka 1990, akiwa bado mchezaji katika Ballet British Columbia, miaka 12 kabla ya kuanzisha kundi lake mwenyewe, Kidd Pivot.

Sababu imo katika kazi yenyewe. Kucheza humfunza mtu kuujua mwili wake kutoka ndani, ilhali kutunga humtaka awatazame watu kadhaa kwa pamoja kutoka nje, apime muda, na aamue ni kipi kiondolewe hata kama ni kizuri. Hizo ni stadi mbili tofauti, na ya pili haikui kwa kuifanyia kazi ile ya kwanza. Anayengoja hadi afikishe miaka 35 huianza akiwa mwanafunzi kama wengine, isipokuwa kwamba kufikia hapo jina lake limeshakuwa kubwa, na watu hawampi tena nafasi ya kukosea kimyakimya.

“Mtunzi huzaliwa, hafundishwi”

Hakuna anayebisha kwamba vipaji hutofautiana. Lakini utunzi una ufundi wake, na ufundi hufundishika. Louis Horst, mwanamuziki aliyefanya kazi kwa karibu na Martha Graham, mcheza dansi na mtunzi wa Marekani, alifundisha utunzi wa dansi mjini New York tangu miaka ya 1920, akiwadai wanafunzi wake waheshimu umbo la kazi kabla ya kutafuta hisia. Mwanamuziki mwingine, Robert Dunn, alianza darasa lake katika jiji hilohilo mwaka 1960, akitumia mawazo aliyoyapata kwa mtunzi wa muziki John Cage. Aliwapa wanafunzi kazi zenye mipaka ya wazi, kama vile kutunga dansi kwa kufuata muundo wa vipimo vya muziki wa Erik Satie, kisha darasa zima likajadili jinsi kila mmoja alivyolitatua tatizo lile. Tarehe 6 Julai 1962 wanafunzi hao, wakiwamo Yvonne Rainer na Steve Paxton, walionyesha kazi zao katika kanisa la Judson Memorial. Jioni ile hutajwa katika karibu kila historia ya dansi ya kisasa, nayo ilikuwa, kwa maana halisi, onyesho la kufunga masomo.

Jambo linalostahili kuangaliwa hapa ni ile mipaka. Kijana anayeambiwa “tunga chochote unachotaka” mara nyingi hukwama, au hukusanya stepu anazozipenda na kuzipanga moja baada ya nyingine kama nguo kwenye kamba. Akipewa sentensi moja ya miondoko yenye hesabu nane, na kutakiwa kuirudia kwa kuanzia mwisho, kuishusha hadi sakafuni, kuichelewesha mara mbili, au kuwagawia wachezaji watatu waianze kwa kupokezana, anagundua kwamba tayari ana vitu vya kutosha na kwamba kazi yake sasa ni kuchagua.

“Bila jukwaa kubwa, hiyo si fursa”

Ushahidi hapa unaelekea upande wa pili kabisa. Mwaka 1958 ilianzishwa mjini Stuttgart jumuiya ya wapenzi wa baleti iliyopewa jina la Noverre, na katika jioni zake za watunzi vijana wachezaji wa kundi la mji huo, lililoongozwa na John Cranko tangu 1961, walijaribu kazi fupi mbele ya watazamaji waliojua kwamba wanatazama majaribio. Humo ndimo walimopita John Neumeier, Jiří Kylián na William Forsythe, ambao baadaye waliongoza makundi ya Hamburg, Uholanzi na Frankfurt. Nchini Uingereza pia, Kenneth MacMillan alitoa kazi yake ya kwanza mwaka 1953 katika warsha ya watunzi ya wachezaji wa kundi la baleti la Sadler’s Wells, na si katika msimu mkuu.

Kazi ndogo ina faida ambayo kazi kubwa haina: ikishindwa, haimwangushi mtu. Kijana aliyekabidhiwa wachezaji 20, okestra na tiketi zilizokwisha kuuzwa atarudia anachokijua, kwa sababu hana nafasi ya kujaribu asichokijua. Ningeongeza kwamba fursa ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, ingawa waandaaji wengi huona fahari zaidi kumtambulisha mtunzi mpya kuliko kumrudisha yule wa mwaka jana. Ni katika kazi ya pili ndipo mtunzi anaweza kurekebisha kosa aliloliona watazamaji walipoanza kujikunyata vitini.

“Mtunzi lazima awe mchezaji bora kuliko wote”

Wayne McGregor aliteuliwa kuwa mtunzi mkazi wa Royal Ballet ya London mwaka 2006 bila kuwa na malezi ya baleti. Pina Bausch, mtunzi wa Ujerumani, naye alijulikana kwa kuwauliza wachezaji wake maswali na kujenga kazi kutokana na majibu yao. Mtunzi kijana asiyeweza kuinua mguu hadi sikioni bado anaweza kumtazama anayeweza, na kujua ni wakati gani mguu huo haufai kuinuliwa.

“Mwalimu mzuri hurekebisha kazi ya kijana”

Nia huwa njema, lakini matokeo yake huwa ni kazi ya mwalimu yenye jina la mwanafunzi. Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili, wakamwacha kijana peke yake kwa hoja ya uhuru, na kumwacha hivyo ni kumtelekeza. Liz Lerman, mtunzi wa Marekani, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu wa hatua nne wa kuijadili kazi ambayo haijakamilika. Kwanza watazamaji hutaja kilichowagusa au kuwa na maana kwao, kisha mtunzi mwenyewe huuliza maswali aliyo nayo, baadaye watazamaji humuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, na hapa ndipo wengi hushindwa, kwani “kwa nini ni ndefu hivi?” ni hukumu iliyovaa alama ya kuuliza. Maoni huja katika hatua ya nne tu, na mwenye maoni hutaja kwanza yanahusu nini na kuomba ruhusa ya kuyatoa. Kijana anaweza kujibu kwamba kuhusu muziki yuko tayari kusikiliza, lakini kuhusu mwisho wa dansi bado hajaamua, na mazungumzo yakaendelea na muziki.