Kansa, saratani na kaa: dhana zinazozunguka jina hili

Yaani kila nikifungua simu nakuta mtu kaandika ati kansa na saratani ni magonjwa mawili, kansa ndo ile isiyopona na saratani ina dawa. Hapana jamani, ni ugonjwa mmoja. Kansa tumeipata kwa Waingereza nao waliitoa kwenye Kilatini, saratani imetoka kwa Waarabu, na huko kote maana yake ni kaa, huyu huyu wa baharini mwenye magando.

Wengine wanasema aliyezaliwa nyota ya Saratani yuko hatarini zaidi. Si kweli hata kidogo, nyota nayo imepewa jina la kaa, basi.

Sasa kwa nini kaa? Hapa ndo penyewe. Wengi wanadhani ni kwa vile unamtafuna mtu ndani kwa ndani, au unatambaa toka kwa huyu kwenda kwa yule. Matabibu wa Ugiriki wa enzi za Hippocrates, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, waliuita karkinos, yaani kaa, na baadaye tabibu Galen, karne ya 2 baada ya Kristo, akaeleza alichokiona kwenye uvimbe wa titi: mishipa imevimba, imetandaa pande zote kama miguu ya kaa. Ni umbo tu alilokuwa anaeleza! Tabibu mwingine, Paulo wa Aegina, karne ya 7, akaongeza kwamba wapo wanaosema ni kwa sababu ukishang'ang'ania hauachii.

Kwa hiyo habari ya kuambukiza itoeni kabisa, mnawatenga wagonjwa bure. Kula naye sahani moja, mwogeshe, mkumbatie. Kinachoambukiza ni baadhi ya virusi vinavyoweza kuileta baadaye, kama HPV kwa saratani ya mlango wa kizazi, na ndo maana Tanzania ilianza kuwachanja mabinti nchi nzima 2018.

Halafu ile dhana kwamba saratani ni "ugonjwa wa kisasa". Sigara, pombe na kuishi miaka mingi vinaongeza wagonjwa, sawa, lakini kuna maandishi ya Misri kwenye mafunjo, ya miaka kama 1600 kabla ya Kristo, yanaeleza uvimbe wa titi, mgumu, wa baridi ukiugusa, na tabibu kaandika kabisa kwamba hauna tiba. Na huko Swartkrans, Afrika Kusini, umepatikana mfupa wa mguu wenye saratani, una umri wa miaka zaidi ya milioni 1.5.